Kivuli cha Juni Kinachopimwa Februari

Asubuhi ya Februari, kaskazi inavuma, tuko juu ya paa la mabati la chuo (madrasa) kimoja nje kidogo ya Wete, Pemba. Paneli nne za sola za pampu ya kisima zimelala mbele yetu, jua limezijaa, hakuna hata doa la kivuli. Mimi nimeshika simu yenye programu inayochora njia ya jua juu ya picha ya kamera. Fundi mwenzangu ameinamia kuba ya plastiki aliyoiazima mjini, kipimo kinachoakisi miti juu ya karatasi yenye mistari ya njia ya jua. Wa tatu yuko chini barazani na kompyuta.

Swali letu ni moja. Mwembe wa jirani, ulio kaskazini-mashariki ya chuo, utazifunika paneli hizi kwa muda gani ukifika mwezi wa Juni?

Simu inasema ni asubuhi mapema tu.

Kuba inasema mpaka saa nne na robo.

Kompyuta inasema hakuna kivuli kabisa, mwaka mzima.

Maalim wa chuo, aliyekuwa ametushikia ngazi, akainua uso. "Sasa vitu vitatu, na kila kimoja chasema lake. Tushike kipi?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Na mafundi wa sola wa pale walikuwa wameniita khasa kwa ajili ya jibu hilo, maana walikuwa wamechangishana fedha za kununua kipimo kimoja cha kivuli, cha kutumiwa na wote kwa zamu. Wiki nyingi zimepita na swali la Maalim bado linanirudia, kwa hiyo naliandika.

## Maji ya adhuhuri

Paneli zile zilifungwa mwezi wa Machi, mwaka mmoja kabla. Fundi aliyezifunga alipanda juu mchana, akatazama huku na huku, akasema paa ni jeupe, halina kivuli. Alilosema kwa siku ile lilikuwa kweli. Karibu na tarehe 8 Machi jua la mchana hupita juu ya utosi hapa Wete, na hurudi kupita tena karibu na tarehe 6 Oktoba. Mti wowote utakaoutazama mchana wa siku hizo umekanyaga kivuli chake wenyewe.

Masika ikaja, mawingu yakatanda, na tangi likawa halijai vizuri. Watu wakasema ni mawingu. Ilipofika Juni anga ikawa safi, upepo wa kusi, jua kali, na tangi likawa bado halijai mpaka karibu na adhuhuri. Akina mama walifika mferejini asubuhi wakakuta matone. Ilipofika Septemba maji yakarudi kutoka mapema, na kila mtu akashukuru na kusahau.

Hapo ndipo penye shida yote ya kazi hii. Kivuli kinachoumiza hakipo siku unayokwenda kukipima. Mwenye nyumba anakuita anapopata fedha, na fedha hazingojei Juni. Kipimo cha kivuli ni chombo cha kukuonesha siku ambayo haijafika.

## Jua la pande mbili

Maelekezo mengi yanayokuja na vyombo hivi yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la mchana liko kusini siku zote, na mkufunzi anayefuata kitabu chao atakwambia utazame kusini tu, kwamba yaliyo nyuma ya paneli hayakuhusu. Wengine wanageuza maneno kwa ajili yetu, wanasema basi nyinyi tazameni kaskazini.

Pemba iko nyuzi tano hivi kusini ya ikweta. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko upande wa kusini. Chukua mti uliozidi urefu wa paa kwa mita 10. Mchana wa Juni unatupa kivuli cha mita tano na nusu kuelekea kusini, na mchana wa Disemba unatupa mita tatu na kitu kuelekea kaskazini. Hivyo si virefu. Mchana kwetu si tatizo kubwa, na ndiyo maana kutazama mchana kunadanganya.

Tazama saa tatu asubuhi, kwa saa ya jua, si ya mkononi. Mti ule ule, mwezi wa Juni, unatupa kivuli cha mita 13 kuelekea kusini-magharibi. Mwezi wa Machi kivuli cha saa hiyo ni mita 10, nacho kinalala moja kwa moja kuelekea magharibi. Disemba kinageukia kaskazini-magharibi. Baina ya Juni na Disemba, jua la saa tatu linahama zaidi ya nyuzi 60 kwenye upeo wa macho. Mwembe unaoumiza Juni hauna habari na wewe Disemba, na mnazi wa upande wa pili unashika zamu.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa kipimo chochote kinacholetwa visiwani ni hili: kinioneshe pande zote mbili za anga, na kinioneshe miezi yote kwa pamoja. Chombo kinachonipa hali ya leo tu kinaniambia nililokwisha kuliona.

Na kuna jambo la saa. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo 45, nasi tuko karibu na 39 na robo tatu. Jua linapinduka Wete kama saa 6 na dakika 21 kwa wastani. Mwanzo wa Novemba ni saa 6 na dakika 5, katikati ya Februari ni saa 6 na dakika 35. Yeyote anayefuata ratiba ya sala ya adhuhuri analijua hilo bila kufundishwa. Lakini karatasi za njia ya jua, zile zilizochapishwa, hutumia saa ya jua yenyewe. Fundi anayesoma "saa tatu" kwenye karatasi akaihesabu kuwa saa tatu ya mkononi mwake amepoteza dakika ishirini na ushei, na kwenye pampu inayotakiwa kuanza asubuhi dakika hizo ni ndoo za watu.

## Mihrabu

Turudi juu ya paa.

Simu na kuba zilitofautiana kwa zaidi ya saa nzima kuhusu mwembe mmoja. Nikawa nageuza simu, naifunga, naifungua tena, na jibu halibadiliki. Nilivutika kuiamini kwa sababu picha yake ni nzuri: mstari wa Juni unaelea juu ya matawi, kila saa imeandikwa mahali pake. Kuba haina betri, haina hata namba inayowaka. Ina dira ndogo, pimamaji, karatasi ya mistari, na taswira ya miti inayoakisiwa juu ya plastiki.

Maalim alipanda. Akaomba simu, akaitazama, akauliza kaskazini ya simu iko wapi. Nikamwonesha. Akageuka akatazama msikiti uliopakana na chuo, ukuta wa mihrabu uliojitokeza nje, kisha akasema, "Hapana, hapo sipo. Kibla ile kule."

Nilisita. Kibla na kaskazini si kitu kimoja kila mahali. Lakini nikakaa nikapiga hesabu, na Maalim alikuwa sawa. Makka iko karibu kabisa na longitudo yetu. Kutoka Mji Mkongwe, kibla ni nyuzi moja na kidogo tu mashariki ya kaskazini halisi. Kutoka Pemba tofauti haifiki hata nusu ya nyuzi. Msikiti uliopimwa vizuri kisiwani humu ni dira ya mawe, na hakuna sumaku wala bati litakaloigeuza.

Simu yangu ilikuwa imekosea kwa nyuzi ishirini na zaidi.

Sababu ilikuwa chini ya miguu yetu. Mabati ni chuma, na dira ya simu ni kihisi kidogo cha sumaku. Ukisimama juu ya paa la mabati, au juu ya zege lenye nondo, kihisi kile kinavutwa. Nikashuka, nikasimama uwanjani mbali na paa, simu ikakubaliana na mihrabu. Nikapanda, ikapotea tena. Kaskazini ilipohama, mstari wa Juni ulihama pamoja nayo, ukatoka katikati ya mwembe ukaenda kuelea pembeni, penye matawi mafupi. Kwa hiyo simu ikaliona jua liko wazi mahali ambapo litakuwa limezibwa.

Kuba nayo ina dira ya sumaku, na juu ya bati ingevutwa vile vile. Fundi mwenzangu alikuwa ameielekeza kwa kutazama ukuta wa msikiti tangu mwanzo, kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo anavyopanga kila kitu.

Wiki hizi nimekuwa nikifikiri zaidi juu ya hilo kuliko juu ya jambo jingine lolote la siku ile. Vyombo viwili vina udhaifu ule ule. Kimoja kiliweza kusahihishwa na mtu aliyesimama pale, kwa kitu anachokijua. Cha pili kiliificha dira yake ndani, kikatuonesha picha tu.

Baadaye niligundua kwamba hata simu ina njia ya kukaguliwa, nayo ni nyepesi. Programu nyingi za aina hii huonesha jua la sasa hivi liko wapi. Elekeza simu kwenye jua lenyewe. Kama duara la programu limekaa juu ya jua la kweli, dira ni nzima. Kama limekaa pembeni, usiamini mstari wa mwezi wowote. Siku ya mawingu huwezi kukagua hivyo, na siku hiyo simu ibaki mfukoni. Na palipo na timazi, ning'iniza wakati jua linapopinduka: kivuli cha uzi ndio mstari wa kaskazini na kusini.

Wazee wetu walipima sala kwa kivuli. Adhuhuri inaingia jua likipinduka, alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile kilichokuwepo mchana. Maalim alifundishwa hayo kwa kijiti na nyayo kabla ya ratiba kutundikwa msikitini. Alipoiona karatasi ya kuba, yenye mstari mmoja kwa kila mwezi na vigawanyo vya nusu saa, hakuhitaji maelezo mengi. Aliuliza tu mstari wa juu kabisa ni wa mwezi gani.

## Kompyuta haioni mwembe

Na ile kompyuta iliyosema hakuna kivuli?

Kijana yule alikuwa anatumia PVGIS, huduma ya bure ya kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya. Ni chombo ninachokiheshimu sana. Ukikipa mahali, kinakupa makadirio ya umeme wa kila mwezi kutokana na kumbukumbu za setilaiti, mawingu ya masika yakiwa yamehesabiwa. Kina hata hesabu ya upeo wa macho. Lakini upeo wenyewe unatokana na ramani ya miinuko yenye hatua za mita 90 hivi. Mlima kinauona. Mwembe, nyumba ya ghorofa, mnara wa simu, vyote hivyo havimo. Kijana hakufanya kosa. Alisoma "kivuli cha upeo" akadhani upeo ni kila kitu kinachosimama.

Wapo wanaopendekeza picha za droni. Na sisi tuna bahati hapa, maana mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba yote kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na wanafunzi wa hapa hapa ndio waliorusha. Picha zile ni hazina. Unaona kila mnazi. Kwa kupanga, kwa kujua ni mapaa gani yafaa kwenda kutazamwa, sijui kitu bora kuliko hizo. Lakini mwembe uliopigwa picha wakati ule leo ni mrefu zaidi, na nyumba nyingi zimeongezwa vyumba. Kivuli ni cha mti wa leo na wa kesho.

PVGIS inaruhusu kitu ambacho wengi hawakigusi: unaweza kuipa upeo wako mwenyewe. Unaandika urefu wa vizuizi kwa nyuzi, ukianzia kaskazini na kuzunguka kuelekea mashariki, kwa hatua zilizo sawa. Urefu huo unapatikana kwa kipimapembe cha skuli, uzi na nati. Unatazama ncha ya mti kupitia ukingo wa kipimapembe, uzi unaning'inia, mwenzako anasoma nyuzi. Tulifanya hivyo juu ya paa, tukianza na mihrabu kama sifuri. Ilituchukua muda mfupi kuliko kupanda ngazi na vitu vyetu. Kompyuta ikapewa namba zile, na jibu lake likasogea hadi pale pale penye kuba.

Ncha ya mwembe, kutoka paneli ya mwisho upande wa mashariki, ilisimama nyuzi 48. Jua la Juni halifiki hapo mpaka saa nne na robo ya saa zetu.

Jambo moja dogo ambalo mafundi hulisahau: pima ukiwa umekiweka chombo kwenye uso wa paneli. Ukisimama wima na kukishika mbele ya macho umejiongezea mita moja na nusu ambayo paneli haina. Na pima kila kona. Mwembe ule ule, kutoka mwisho wa paa upande wa magharibi, ulisimama nyuzi 32 tu.

## Asilimia si umeme

Kuna jambo lililonitia shaka hata baada ya vyombo kukubaliana.

Kuba inakupa hesabu. Kila nusu saa kwenye karatasi ina namba, na namba za mwezi mmoja zinajumlishwa kufika 100. Unachora ukingo wa mti kwa penseli, unajumlisha zilizobaki wazi, unapata asilimia. Ni raha kuisoma. Mwenye nyumba anaipenda. Na ni hapo anapoweza kupotoshwa, kwa sababu asilimia ile ni ya mwanga unaofika, haisemi ni umeme kiasi gani utatoka.

Seli za paneli zimefungwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo kutoka kisimani: mmoja akilegea, mstari mzima hufuata mwendo wake. Watengenezaji huweka diodi za kuupitisha umeme pembeni ya kundi lililozibwa. Paneli ya kawaida ya seli 60 ina diodi tatu, kila moja ikilinda seli 20. Kivuli cha tawi moja kikilala kwenye ukingo mfupi wa chini wa paneli iliyosimama wima, kinagusa makundi yote matatu kwa pamoja, na paneli karibu yote inanyamaza. Paneli hiyo hiyo ukiilaza, kivuli kikafuata ukingo mrefu, kinazima kundi moja na mawili yanaendelea. Paneli mpya za seli zilizokatwa nusu zinavumilia zaidi, maana nusu ya juu na ya chini zinajitegemea. Kipimo cha kivuli hakijui lolote katika haya. Kinakwambia tawi litafika saa ngapi. Jinsi ya kulaza paneli ni akili ya fundi.

Kwa pampu isiyo na betri hali ni ngumu zaidi. Nguvu ikishuka chini ya kiwango, maji hayapungui kidogo kidogo. Pampu inazunguka bila kuyapandisha mpaka juu. Kivuli cha robo ya paneli kilikuwa kinawanyima watu maji yote ya asubuhi. Upande wa pili, siku ya mawingu mazito mwanga hutoka pande zote za anga na kivuli cha mti hakina uzito mkubwa. Asilimia moja ya mwaka mzima, iliyoandikwa kwa wino kwenye nukuu ya bei, inaficha yote mawili. Mimi siku hizi nataka nioneshwe mwezi na saa, kisha nimuulize mwenye nyumba anahitaji umeme saa ngapi.

## Karatasi barazani

Mwenye mwembe ni bibi mmoja anayechota maji kwenye kisima kile kile. Kabla yetu, mtu alikwenda kumwambia mti wake unaharibu pampu ya watu na ukatwe. Ni mwembe wa dodo. Msimu ukifika unamlisha. Aliyeupanda ni mama yake.

Tulipokwenda kwake hakutukaribisha kwa furaha, na sikumlaumu. Fundi mwenzangu akatandika karatasi ya kuba barazani, ile iliyochorwa ukingo wa mti kwa penseli nyeupe. Bibi akaitazama kwa muda. Kisha akaweka kidole pale penye mchirizi wa matawi mawili yanayoachana, akasema, "Huu ndio mwembe wangu. Na hapa ndipo lilipovunjika tawi."

Aliusoma mti wake kwenye karatasi ile. Programu ya simu isingempa hilo, wala asilimia. Tukamwonesha mstari wa Juni unapopita, na mstari wa Machi unavyoukwepa mti. Akauliza Disemba uko wapi. Akauliza, kama paneli zingekuwa kule mwisho, mti ungefika? Tukamtolea karatasi ya pili, ya kona ya magharibi, ambapo ukingo wa mti unashuka na jua la Juni linatoka kabla ya saa tatu.

"Basi si muhamishe mabati yenu," akasema, akimaanisha paneli.

Ndivyo ilivyofanyika. Waya uliongezwa mita chache, vishikio vikafungwa upya kwenye kenchi nyingine, na mwembe ukabaki kama ulivyo. Kamati ya kisima ilikuwa imejiandaa kwa ugomvi wa ujirani, na ugomvi haukuwepo tena. Nimekwisha kuona mahali pengine miti ikikatwa kwa neno la fundi peke yake, mti mzima kwa kosa la tawi moja, bila yeyote kuoneshwa kitu. Hilo linaniuma. Mwenye mti ana haki ya kuona ushahidi unaoweza kusomwa na macho yake.

Jambo hili nalipeleka mbali zaidi ya Wete. Pale Kinyasini, Unguja, tangu 2015 akina mama wa vijijini wamekuwa wakifundishwa kufunga na kutengeneza sola, na wengi wao hawakusoma skuli kwa muda mrefu. Chombo chenye kurasa za Kiingereza na akaunti ya kuingilia kinawaweka nje ya kazi wanayoimudu kwa mikono. Kuba na uzi wa timazi haviwaweki nje.

## Tulichonunua

Wapo katika kundi waliotaka kamera maalumu yenye lenzi ya duara, ile inayopiga picha ya anga nzima na kutoa hesabu yenyewe. Nimewahi kuishika moja. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi, na kwa kampuni inayofunga mapaa mengi kila mwezi inajilipa. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola elfu, na ikiharibika hapa nani ataifungua? Sikuunga mkono.

Wamenunua kuba. Niliwasisitizia jambo moja kabla hawajalipa: karatasi za njia ya jua hutengenezwa kwa makundi ya latitudo, na lazima waombe ya kwetu, iliyo kusini ya ikweta na yenye jua la pande zote mbili. Karatasi ya Ulaya ndani ya kuba ya bei ghali inatoa jibu safi ambalo si la hapa. Kila fundi amejitengenezea kipimapembe cha uzi. Simu wanazo tayari, na wanazitumia kumpa mteja picha ya haraka, baada ya kuikagua kwa jua.

Kuna shaka moja niliyobaki nayo. Kuba ikitumiwa na watu wengi inakwaruzika, na plastiki iliyokwaruzika inaonesha miti kwa ukungu. Nimewaomba waitunze ndani ya kanga, na wasiifute kwa mchanga wa paa. Kama baada ya mwaka mmoja haionekani kitu, hoja yangu yote itahitaji kutazamwa upya, nami nitaandika.

## Upande wa magharibi

Siku ya kuhamisha paneli, Maalim alituonesha kitu ambacho hakuna chombo chetu kingekiona. Mita tano kutoka mwisho mpya wa paa, upande wa magharibi, kuna msingi wa nyumba. Kijana wa pale anajenga, na anataka ghorofa.

Tukamwita. Akasema ukuta utafika mita saba. Paa la chuo liko mita nne, kwa hiyo mita tatu zitazidi. Fundi akachukua karatasi ya kona ya magharibi na kuuchora ukuta ule kwa mkono, nyuzi 31, kana kwamba umekwisha kusimama. Ulikula jua la kuanzia karibu na saa kumi jioni. Wakati huo tangi limekwisha kujaa. Kamati ikasema wanaweza kuishi na hilo.

Kijana alibaki ameshika karatasi. Akauliza kama tunaweza kupanda juu ya msingi wake na kumchorea ya kwake, maana mwembe ule ule uko upande wake wa mashariki, na yeye alikuwa anafikiria paneli kwenye ghorofa ya juu. Tukamwambia asubiri nguzo zifike urefu wa sakafu, ndipo tuweke kuba pale paneli zitakapokaa. Ametuma habari juzi kwamba zege la sakafu linamwagwa baada ya Idi, na kuba kwa sasa iko Chake Chake kwa fundi mwenye zamu.